Ned tulimlilia, kwa Daenerys tukakasirika: kwa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kutazama tamthilia ya Game of Thrones mwezi huu, miaka mingi baada ya wenzangu. Tuliitazama na kaka yangu kila usiku baada ya chakula. Ned Stark alipokatwa kichwa nilinyamaza mpaka asubuhi. Harusi Nyekundu, walipouawa karamuni Robb mwana wa Ned, mkewe na mama yake, ilinitoa kilio cha sauti, mama akatoka chumbani akidhani tumepigiwa simu ya msiba. Hodor ndiyo usiseme. Lakini alipokufa Daenerys, niliyempenda kuliko wote, halikunitoka hata chozi moja. Nilipandwa na hasira, na bado ninazo. Kaka anasema ni muvi tu, waigizaji wako hai na wamelipwa hela zao. Je, nina tatizo kumlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo? Na kwa nini vifo vingine vinaumiza na vingine vinakera? Sasa tunataka kuanza House of the Dragon, na mimi naogopa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna tatizo lolote. Ila swali lako la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika kwa kirefu, kwa sababu umegusa jambo ambalo waandishi wengi wa tamthilia hawalioni. Waliotunga hiyo uliyoitazama walilijua vizuri kwa miaka mingi, kisha mwishoni wakaliacha.

Tulimalize kwanza hili la machozi. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu anayemwona kwenye televisheni: ukaribu wa mbali, ambao upande mmoja unamjua mwenzake kwa undani na upande wa pili haujui hata kama huyo mwingine yupo. Wao walizungumzia zaidi waendesha vipindi, lakini waliowafuata waliukuta uhusiano huohuo kwa wahusika wa kubuni. Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwachunguza watazamaji baada ya tamthilia ya Friends kwisha mwaka 2004, wakakuta kwamba huzuni ya kuagana na mhusika ni huzuni kweli, ingawa ni nyepesi kuliko ya kuachana na mtu wa damu na nyama. Na wewe jihesabie mwenyewe. Game of Thrones ina sehemu 73, nyingi zikikaribia saa nzima au kuizidi. Usiku baada ya usiku umekaa na watu hawa, umezitazama nyuso zao kwa karibu kuliko unavyoutazama uso wa jirani yako, na umewasikia wakitoa siri ambazo ndugu zao hawakuzisikia. Moyo unajenga mazoea na yeyote anayekuja kila siku akiwa na sauti, uso na shida zake.

Kaka yako amesema kweli kwamba waigizaji wa hao uliowataja wako hai. Sean Bean yupo na anaendelea na kazi. Aliyekufa ni Ned. Yule baba aliyesimama mlangoni akimtazama binti yake Arya akijifunza upanga kwa fimbo ya mti, tabasamu likimpotea taratibu usoni, hakuwa na maisha mengine nje ya hadithi, na hadithi imemtoa. Ulimlilia yeye, si Sean Bean.

Sasa tuje kwenye swali kubwa. Nimefundisha sanaa za maonyesho kwa muda mrefu, na maoni yangu ni haya: mtazamaji hupokea kifo chochote, hata kile cha kikatili kabisa, ikiwa hadithi imekiandalia njia na, baada ya kukileta, imekaa matanga. Jambo la kwanza hufundishwa kila mahali. La pili halifundishwi. Sisi tunajua mtu akifa hatutawanyiki papo hapo. Majirani hutandika mikeka, chai huchemshwa, jina la marehemu hutajwa, watu husimulia mambo yake, na wale wasio na la kusema hukaa tu. Hadithi nayo inadaiwa hivyo. Ikiruka matanga, huzuni ya mtazamaji hukosa pa kwenda, ama igeuke hasira, ama watazamaji wayaandae matanga wenyewe.

Anza na Ned. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, na sisi kwenye mabenchi tutatulia tukijua atarudi kulipa. Mwaka 2011 kituo cha televisheni cha HBO kilipoitangaza tamthilia hii, uso uliokuwa kwenye mabango ulikuwa wa Sean Bean, ameketi kwenye kile kiti cha enzi cha panga. Kila dalili ilisema huyu ndiye steringi. Tarehe 12 Juni ikaja sehemu ya 9. Ned anapandishwa mbele ya umati, na mtu aliyeishi maisha yake yote akilinda heshima anaitoa heshima hiyo, anajiita msaliti kwa uongo, ili binti zake wapone. Tunaamini bei imelipwa na ataachiliwa. Kisha mvulana mmoja mwenye taji anabadili mawazo, na wakubwa wote waliomzunguka, hata mama yake mzazi, wanashtuka. Waliokuwa wameisoma riwaya ya George R. R. Martin, iliyotoka mwaka 1996, walikuwa wamejua. Wengine walikaa wakingoja sehemu ifuatayo iseme ilikuwa ndoto.

Lakini tazama tena kilichofuata, kwa sababu pengine uliipita haraka. Katika sehemu ya 10, Robb yuko msituni peke yake, anaukatakata mti kwa upanga mpaka upanga unaharibika, na mama yake anamfuata, anamshika. Sansa, binti wa Ned, anapelekwa ukutani kulazimishwa kukitazama kichwa cha baba yake. Wakuu wa Kaskazini wanakutana usiku, wanabishana, kisha wanapiga goti mmoja baada ya mwingine na kumtangaza Robb mfalme. Na msimu wa pili, Catelyn anakabidhiwa mifupa ya mumewe. Hadithi nzima inavaa msiba. Ndiyo maana ulinyamaza mpaka asubuhi lakini hukuichukia tamthilia. Ilikutendea haki.

Watungaji wake, David Benioff na D. B. Weiss, waliufanya huu kuwa utaratibu. Katika misimu ile ya sehemu kumikumi, mara nyingi kifo kizito au vita kubwa huja sehemu ya 9, na sehemu ya 10 inabaki ya waliosalia. Ygritte anakufa mikononi mwa mpenzi wake Jon Snow sehemu ya 9 ya msimu wa nne. Ya 10, Jon anamchukua mpaka ng'ambo ya Ukuta, ule mkubwa wa barafu, anamjengea kuni na kumchoma peke yake kwa desturi ya watu wake. Hakuna anayeongea. Kwangu mimi hiyo ni kati ya dakika bora za tamthilia yote, na ni nadra kumsikia mtu akiitaja.

Kuna jambo moja hapa linalowahusu ninyi mnaotazama kwa kuchelewa. Waliotazama mwaka 2011 walikuwa na wiki nzima kati ya kifo na matanga. Walikwenda kazini, wakakutana na wengine waliolala vibaya, wakalaumiana, wakapoana. Ninyi sekunde chache baada ya Ned kuanguka, sehemu inayofuata inajifungua yenyewe. Mnapelekwa mbele kabla hamjashusha pumzi. Sidhani watungaji waliikusudia itazamwe hivyo, na nadhani sehemu ya uzito unaoubeba ni wa misiba uliyoirukia.

Harusi Nyekundu ilirushwa tarehe 2 Juni 2013, na hapo ndipo mambo ya watazamaji yalipokuwa mengi kuliko kawaida. Riwaya yenye kisa hicho ilitoka mwaka 2000. Kwa hiyo kwa miaka 13 kulikuwa na watu duniani waliokuwa wamekwishalia, kila mmoja na kitabu chake kitandani, hana wa kumwambia. Wengi wao walitega kamera kwa siri sebuleni, wakawarekodi wake zao, waume zao na rafiki zao wakati kisu kinamwingia Talisa, mke wa Robb, tumboni. Video hizo zilisambaa: watu wanaziba midomo, wanarusha mito, wanasimama na kukaa, mmoja anatoka chumbani kabisa. Martin mwenyewe alioneshwa baadhi yake kwenye kipindi cha Conan O'Brien. Wapo waliosema kurekodi vile ni ukatili. Mimi nilipozitazama niliona kitu kingine: watu waliobeba msiba kwa miaka 13 hatimaye wamepata wa kukaa nao mkekani. Msimu wa sita na wa saba, baa moja ya Chicago iitwayo Burlington ikawa inarekodi wateja wake wakitazama pamoja, na utawaona wasiojuana wakikumbatiana.

Kwa nini kifo kile kiliumiza kuliko vingine? Kwanza ni mkate na chumvi. Katika nchi ile ya hadithi, mwenye nyumba akishakulisha mkate na chumvi chini ya paa lake hawezi kukudhuru. Ni sheria kongwe kuliko wafalme. Walder Frey, mwenye nyumba ya harusi ile, aliwalisha mbele ya macho yetu. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni hupakuliwa kabla ya mwenyeji hahitaji kuelezwa uzito wake. Martin hakuubuni uovu huo kutoka hewani. Amesema aliuchota kwenye historia ya Uskoti. Mwaka 1440 kijana aliyekuwa mkuu wa ukoo wa Douglas alialikwa pamoja na mdogo wake kula katika ngome ya Edinburgh, na karamuni wakakamatwa na kuuawa. Mwaka 1692 huko Glencoe, askari waliokuwa wamelala na kula kwa karibu wiki mbili katika nyumba za ukoo wa MacDonald waliamka alfajiri na kuwaua wenyeji wao. Martin amesema pia kwamba sura hiyo ilimshinda kuandika; alimaliza kitabu chote kwanza ndipo akairudia.

Pili, ni maandalizi. Rudia ile sehemu sasa ukiwa umetulia. Robb alivunja ahadi ya kumwoa binti wa Walder Frey, na tumekumbushwa hilo mara kadhaa. Robb na Talisa wanaongea kuhusu mtoto aliye tumboni, na Talisa anasema akiwa wa kiume ataitwa Eddard, jina kamili la Ned, babu yake. Kisha mlango unafungwa. Wanamuziki wanabadili wimbo, wanapiga ule wa ukoo wa Lannister, adui zao, na Catelyn anausikia kabla ya wote. Anafunua mkono wa nguo ya Roose Bolton, mshirika wa Robb, na kukuta vazi la chuma chini yake. Kwa sekunde kadhaa yeye na wewe mnajua, na Robb hajui. Kushtukizwa hakuumizi kiasi hicho. Kinachochoma ni kule kujua ukiwa umechelewa. Sehemu ile inaisha kwa ukimya, majina ya waigizaji yanapanda bila muziki wowote. Hata waliotengeneza hawakuona sawa kupiga muziki.

Na matanga yake yalikuwa marefu kuliko yote. Sehemu iliyofuata Arya anaupita mwili wa kaka yake ukiwa umeshonewa kichwa cha mbwamwitu wake, watu wakishangilia. Sansa hatuoneshwi akiambiwa. Tyrion, mumewe, anaingia chumbani, anaukuta uso wake, anajua amekwishajua. Deni lilikaa mpaka mwaka 2016, Arya alipomkata koo Walder Frey mezani kwake mwenyewe. Miaka mitatu hadithi haikusahau, na watazamaji nao hawakusahau.

Jon Snow ni kesi ya peke yake. Alichomwa visu na wenzake tarehe 14 Juni 2015 mwishoni mwa msimu wa tano, na watazamaji wakakataa katakata. Wakawa wanapima urefu wa nywele za Kit Harington kwenye picha, wakisema kama angekuwa amemaliza kazi angezikata. Wakawa wanaulizana ameonwa wapi, na nani, karibu na mahali pa kupigia picha huko Belfast. Mwongozaji wa sehemu ile, David Nutter, amesimulia kwamba Barack Obama, akiwa bado rais, alimuuliza mwenyewe kama kweli Jon amekufa, naye akajibu amekufa. Wengine waliwacheka watazamaji kwamba wanaikimbia huzuni. Mimi nasema walikuwa wasomaji wazuri. Hadithi iliyowafundisha kwamba Ned akifa anazikwa, Ygritte akifa anachomwa, iliuacha mwili wa Jon umelala kwenye theluji na kukata hapo. Hakukuwa na msiba kwa sababu hakukuwa na mazishi ya kufanya. Tarehe 1 Mei 2016 Jon akavuta pumzi, na baadaye Harington akawaomba watu radhi kwa kuwadanganya miezi yote ile.

Wiki tatu tu baadaye akafa Hodor, tarehe 22 Mei. Najua kilichokuliza. Kwa misimu kadhaa tulimwona kama jitu pole lenye neno moja, hatukuuliza neno hilo limetoka wapi. Katika dakika za mwisho tunaambiwa: alipokuwa kijana mzima aitwaye Wylis, amri ya kushikilia mlango, ambayo Meera, msichana anayemsindikiza Bran mwana wa Ned, angempigia kelele miaka mingi baadaye, ilimpenya kichwani kupitia maono ya Bran, akaanguka, akairudia mpaka maneno yakasagana yakawa jina. Maisha yake yote alikuwa anausubiri mlango ule. Maandalizi ya namna hiyo ni makubwa mno, na wazo lenyewe Martin ndiye aliyewapa watungaji.

Lakini matanga hayakuwepo. Meera anamburuta Bran kwenye theluji, wanaendelea na safari, Hodor hatajwi. Sasa ona watu walivyofanya. Ndani ya siku chache walikuwa wanatengeneza vizuizi vya milango vyenye jina lake, wanabandika jina lake pembeni ya vitufe vya lifti vya kuzuia mlango usifunge, wanapigana picha wakiwa wameegemea milango. Ukiona tu kwa juu utadhani ni mzaha. Mimi nauona kama mkeka uliotandikwa na majirani baada ya wenye nyumba kuondoka. Ilichukua mpaka msimu wa saba, mwaka 2017, ndipo Meera alipomwambia Bran usoni kwamba Hodor alikufa kwa ajili yake. Sentensi moja, tena ya haraka, na bado nakumbuka nilivyoshukuru kuisikia.

Joffrey, yule mvulana mwenye taji, nitampita upesi, kwa kuwa hukumtaja, na nadhani ulifurahi kama wengi. Nakuomba ukirudia sehemu ile umtazame Cersei akiwa amempakata, si yeye. Hata adui alipewa mama wa kumlilia.

Sasa Daenerys. Mwanangu, hasira zako zina sababu, na hazikupati wewe peke yako. Zaidi ya watu milioni 1 walitia saini kwenye mtandao wakitaka msimu wa nane uandikwe upya na watu wengine. Marekani mamia ya wazazi walikuwa wamewapa watoto wao wa kike jina la Khaleesi, cheo chake, wakiwa hawajaujua mwisho wake. Watu walitembea naye tangu mwaka 2011: binti aliyeuzwa na kaka yake, akatoka motoni na majoka matatu, akafungua minyororo ya watumwa. Tarehe 12 Mei 2019 mji ukajisalimisha kwake, kengele zikalia, naye akauchoma na watoto waliomo. Wiki moja baadaye Jon akamchoma kisu akiwa anambusu.

Wengi husema hakukuwa na maandalizi. Hapo sikubaliani nao kabisa. Huko mji wa Meereen aliwasulubu mabwana wa watumwa 163. Msimu wa saba aliwachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly waliokwisha shindwa vita. Mbegu zilikuwepo. Ila wakati anawasulubu mabwana wale, sisi tulikuwa upande wake, tukishangilia, kwa kuwa nao walikuwa wamewasulubu watoto 163. Msimu wa nane ulipotaka kutuambia kwamba ishara zilikuwepo tangu mwanzo, ulikuwa pia unatushtaki sisi kwa kushangilia. Shtaka zito kama hilo linahitaji nafasi. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukapewa 7, wa nane 6. Mwanamke aliyejengwa kwa miaka minane akabomolewa kwa majuma machache. Kwa hiyo njia ilikuwepo, lakini tulikimbizwa juu yake.

Hata hivyo sioni kama hilo ndilo lililokukasirisha zaidi. Rudia sehemu ya mwisho, uangalie anayemlilia. Ni Drogon. Joka linamsukuma kwa pua kama mtoto anayemwamsha mama yake, linakiyeyusha kiti cha enzi, linambeba linaondoka. Ni tukio zuri sana, na bila shaka ulikuwa karibu kulia. Kisha picha inakata, majuma yamepita, Tyrion, aliyekuwa mshauri wake, anatolewa gerezani. Wadothraki waliovuka bahari kwa ajili yake hatuoneshwi walivyopokea habari. Grey Worm, kamanda wa jeshi lake, hatuoneshwi alipojua. Tunamkuta tayari ana hasira na mfungwa mkononi. Missandei, rafiki yake ambaye angemlilia kwa dhati, ameshauawa. Wakuu wanakutana kumchagua mfalme mwingine. Wakuu wanakutana kumchagua mfalme mwingine. Na muda si muda Tyrion anapanga viti kwenye chumba cha baraza, watu wanaongea habari za meli na madanguro, na wanacheka.

Mwanamke ambaye jina lake lilikuwa linatajwa pamoja na vyeo vyake vyote kila alipoingia ukumbini alipoondoka alitajwa kwenye mabishano tu, hakuna aliyekaa kumsimulia. Ulikaa pale sebuleni ukiwa umefika msibani, ukakuta turubai limeshushwa na watu wanagawana vyombo. Hasira yako ni huzuni iliyokosa mahali pa kukaa.

Tamaduni zetu zilijua jambo hili kabla ya televisheni. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, shujaa asiyedhurika kwa mkuki wala mshale ana siri moja: sindano ya shaba ikimchoma kitovuni atakufa. Adui zake wanamtumia mwanawe wa kumzaa, wakimwahidi kumwoza binti wa mfalme. Baba anahisi kilichomleta mtoto, na bado anamwambia. Anachomwa usingizini. Unadhani hadithi inaishia hapo? Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, na hapo anakata roho akiwa vilevile. Watu wa mji wanakosa maji kwa siku kadhaa, wanadhani amekasirika. Mama yake anakuja kumbembeleza kwa maneno matamu, akimwomba awasamehe, kumbe anaongea na maiti. Mpaka mwili unapoanguka. Mtunzi angeweza kummaliza kwa ubeti mmoja. Alijua wasikilizaji wanahitaji muda ule wa kisimani, wanahitaji kumsikia mama.

Na kudai haki hiyo si tabia ya watoto wa siku hizi wala ya wanawake, kama kaka yako anataka kukuambia. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi, na inasimuliwa kwamba wasomaji zaidi ya 20,000 wa jarida la Strand walikatisha kulinunua. Mwaka 1903 akalazimika kumrudisha.

Kuhusu hasira ulizonazo, fanya hivi. Chagua usiku mmoja, wewe na kaka yako, mrudie ile sehemu ya mwisho mpaka Drogon anaporuka, mzime hapo. Msiendelee na baraza. Halafu muongelee habari za Daenerys: alipotoka, alipokosea, ni wapi hasa mlimpoteza. Mbishane. Kaka yako naye ana la kusema. Mtu haketi sehemu zote 73 kwa kitu asichokijali. Matanga ambayo watungaji hawakuyaweka mnaweza kuyakaa ninyi. Kama baada ya hapo bado usiku hulali, chakula hakipiti kwa majuma, au ukigundua kwamba unapomlilia Ned unamlilia mtu wa kwenu uliyemzika, basi hilo ni la kumwona mshauri nasaha, na usione aibu kulianza kwa kusema lilitokana na tamthilia.

House of the Dragon anzeni. Matukio yake ni ya zama za mababu wa Daenerys, kwa hiyo hutakutana na uliowaacha. Sitakutajia majina. Nitakuambia tu kwamba msimu wa kwanza unafungwa na kifo cha kijana mdogo angani, na hakuna aliyekipanga, hata aliyemuua. Na sehemu ya kwanza ya msimu wa pili inatuonesha mama yake, malkia, akimtafuta ufukweni. Anazunguka akilikagua kila lililoletwa na maji, anapata kipande cha bawa na nguo, na katika sehemu ile nzima anatamka sentensi moja tu. Kisha wanawasha moto, wanachoma vitu vya marehemu, na ndugu zake wamesimama kuuzunguka. Nilipoiona nilijua waliokabidhiwa kazi hii wameelewa kilichokosekana mwaka 2019.

Mkiumaliza msimu wa kwanza, zimeni televisheni usiku huo, muifungue sehemu ya kwanza ya msimu wa pili kesho yake. Na rimoti uishike wewe.